Kazi ya Kubonyeza

Siku Fundi alipoambiwa aifundishe kompyuta kazi ya mkewe, alirudi nyumbani na nyama kilo nzima, na ilikuwa katikati ya mwezi. Mama yake mzazi, ambaye mapacha wa nyumba ile humwita Bibi na watu wazima nao wakafuata, aliupokea mfuko, akaupima kwa mkono, akamtazama mwanawe usoni.

"Umeokota pesa?"

"Nimetamani tu nyama, mama."

"Haya. Ukitamani tena usisite."

Hakuna aliyemwamini, lakini nyama ni nyama. Iliingia sufuriani, mapacha wakaanza kulizunguka jiko bila kuitwa, na Fundi akakaa kwenye kochi akivua viatu taratibu, kamba moja baada ya nyingine, maana alikuwa anavuta muda. Mkewe alimpelekea maji ya kunywa akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi.

Haumwi, ila mchana ule Bosi alikuwa amemwita chumbani kwake akafunga mlango. Ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la rangi, watu sita na feni moja, kwa hiyo mlango ukifungwa kila mtu anajua kuna jambo. Wanatengeneza kitu kimoja tu pale, kinaitwa Miwani. Ni kijiprogramu kinachopachikwa kwenye kivinjari, kile chombo unachofungulia kurasa za mtandao. Mwenye macho dhaifu akibonyeza alama ya miwani pale juu, kidirisha kidogo kinafunguka, anachagua ukubwa wa herufi, na ukurasa unamkuzia maandishi na kumsomea kwa sauti. Lakini vivinjari viko vingi, na kinachokubali huku kinaweza kugoma kule. Kwa hiyo kila Miwani ikiboreshwa, lazima mtu akae aijaribu upya, kivinjari kimoja kimoja, kwa mkono. Mtu huyo alikuwa mke wa Fundi. Alifanya kazi hiyo nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula, na Bosi alikuwa akimwita Mkaguzi.

"Wenzetu hawajaribu kwa mkono tena," Bosi alisema. "Mashine inafungua vivinjari yenyewe, inabonyeza yenyewe, inaleta majibu. Kijani imepita, nyekundu imekwama. Na sisi tuwe hivyo."

"Na Mkaguzi?"

Bosi akakohoa. "Ikishakamilika tutaachana naye vizuri. Nitamwandikia barua ya sifa. Wewe ni mtu mzima, Fundi, hali ya ofisi unaijua. Ningeweza kuleta mtu wa nje aifanye, nikaona hapana. Nyinyi ni familia, mtaongea wenyewe."

Uone uungwana huo. Mtu anakushikisha kisu, halafu anataka umshukuru kwa sababu hakumpa jirani. Na Fundi, kwa taarifa yako, alishukuru. Alisema, "Asante, Bosi," akatoka, akapita buchani.

Sasa ile nyama huwezi kuielewa mpaka ujue maneno mawili: ya nini. Kabla ya kazi ile, mke wa Fundi, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pacha, alikuwa akitaka hata hela ya sabuni anakwenda kusimama mlangoni, mkono kwenye fremu, anasema, "Baba Pacha, naomba hela." Na Fundi, bila kuinua kichwa, anajibu, "Ya nini?" Hakuwa mchoyo. Alikuwa anatoa kila mara. Lakini kwanza aulize, na mwanamke aeleze mbele ya mama mkwe wake: ya sabuni, ya vocha, ya kusuka. Ikifika kwenye kusuka, Bibi anaguna. Tangu apate mshahara wake hakusimama tena pale mlangoni. Mwezi wa kwanza alinunua mafuta ya kupaka ya bei mbaya, akayatia kabatini bila kumweleza mtu, akacheka peke yake. Halafu akamwambia mumewe, "Unajua kinachonifurahisha si hela. Ni kwamba hakuna anayeniuliza ya nini." Fundi alikuwa amecheka siku ile. Mbele ya Bosi aliyakumbuka maneno hayo, ndipo akapita buchani.

Walipokuwa wanakula akaanza. "Kuna mabadiliko ofisini. Yale majaribio, sasa yatafanywa na mashine."

Mama Pacha akarudisha kipande chake cha nyama kwenye sahani. "Wananiachisha?"

Swali lilikuja wazi namna hiyo. Angejibu ndiyo, mambo yangeishia pale pale, kwa machozi na chakula kupoa, na mimi nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini Fundi aliutazama uso ule akanywea.

"Hapana," akasema. "Unakuwa msimamizi. Mashine itabonyeza, wewe utaisimamia."

"Msimamizi."

"Ndiyo."

"Na mshahara?"

"Tutaongea na Bosi."

Bibi alikuwa anahangaika na mfupa. "Msimamizi wa mashine," akasema. "Basi hata mimi nasimamia redio."

Mapacha wakacheka, Mama Pacha naye akacheka, na Fundi akacheka kuliko wote mpaka akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni.


Huwezi kuifundisha mashine kazi usiyoijua. Fundi ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya Miwani, lakini kuijaribu hakuwahi kuwa na subira nako. Kwa hiyo Jumamosi walisafisha meza, wakakaa bega kwa bega, mke anataja, mume anaandika. Vivinjari vilikuwa vitatu, na nyumbani mule vilishapewa majina kulingana na alama zake: Duara, Wimbi na Mbweha.

"Mimi sijui kitu," Fundi alisema. "Niambie kila unachofanya, hata kile unachoona cha kijinga."

"Nafungua Duara. Nafungua ukurasa wa habari, ule mrefu. Nabonyeza alama ya miwani."

"Halafu?"

"Nasubiri kidirisha."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka kifunguke. Huangalii saa, unakiangalia chenyewe. Hasa kwa Mbweha. Mbweha hana ubaya, ana taratibu zake tu. Ukimbonyeza kwa pupa unabonyeza hewa, halafu unamsingizia yeye."

Fundi akaandika: bonyeza, subiri kidirisha. Mama Pacha alitaja huku vidole vyake vikitembea juu ya kitambaa cha meza, kwa sababu bila vidole hakumbuki. Anaweka ukubwa wa tatu. Anaangalia kama maandishi yamekua. Anafunga kila kitu. Anafungua upya kuona kama Miwani imekumbuka ukubwa ule au imesahau.

"Ikisahau ni kosa," alisema. "Macho ya mtu hayaponi kwa kuzima kompyuta."

"Haya. Na sauti unaijaribuje?"

"Kwenye kile kisanduku naandika maneno, naisikiliza ikisoma."

"Maneno gani?"

Akaona haya kidogo. "Nimeshiba, asante."

"Kwa nini hayo?"

"Siku ya kwanza nilikuwa na njaa. Yakabaki hayo hayo."

Fundi akayaandika hayo hayo. Jioni kabla ya chakula walibonyeza mara moja tu, wakaondoa mikono mezani. Duara ikafunguka yenyewe. Ukurasa wa habari ukaja, kidirisha kikatoka, herufi zikavimba, kila kitu kikafungwa, kikafunguka tena, kwenye kisanduku herufi zikajipanga bila kidole cha mtu, na kompyuta ikasema kwa sauti yake ya puani, "Nimeshiba, asante."

Bibi akatokea jikoni na mwiko. "Nani kashiba, na chakula sijakitoa?"

Mama Pacha alipiga makofi kama mtoto. "Inaniiga mimi. Umeona inavyorudi kuhakikisha? Ni mimi kabisa." Akamshika mumewe bega. "Sasa nifundishe kuiendesha. Msimamizi gani asiyejua anachokisimamia?"

Angemjibu nini? Alimfundisha. Alimwonyesha jinsi ya kuianzisha, jinsi ya kusoma nyekundu inalalamikia wapi, jinsi ya kutuma kazi kwenye ghala la ofisi ambako Bosi na wenzake wote wanaiona. Alikuwa anaona aibu, aibu ya kweli ya kutaka kuingia chini ya meza, lakini mdomo wake uliendelea kueleza vizuri tu. Na mkewe alishika haraka, kwa sababu kila alichokisoma mle ndani kilikuwa ni maneno yake mwenyewe.


Duara ilipita. Wimbi ikapita. Mbweha akabaki mwekundu.

Haikumchukua Fundi muda kujua kwa nini. Alipokuwa anaandika sehemu ya Mbweha aliruka mstari mmoja, ule wa kusubiri kidirisha. Mashine ikawa inabonyeza alama ya miwani na papo hapo inatafuta kidirisha ambacho hakijatokea, inabonyeza hewa, kama alivyoambiwa. Akauongeza mstari, akaendesha. Kijani, kijani, kijani.

Akaitazama ile kijani ya tatu. Ndiyo iliyokuwa imebeba barua ya sifa. Nyumba ilikuwa kimya, mkewe alikuwa nje anaanika nguo huku anaimba vibaya. Fundi akaufuta mstari. Akaendesha tena, Mbweha akawa mwekundu, akaituma kazi hivyo hivyo, na chini akaandika kwamba Mbweha anasumbua, bado anahitaji mkono wa mtu.

Mwingine angekwenda kupiga meza kwa Bosi, aseme mke wangu hatoki. Fundi si mtu wa kupiga meza. Alifuta mstari mmoja akajiona amepigana vita.

Bosi naye si mjinga wa hesabu. Mwisho wa mwezi, ujumbe wa mshahara ulipoingia kwenye simu, Mama Pacha aliusoma, akafuta kioo cha simu kwa kanga, akausoma tena.

"Wamekosea," akamwambia mumewe. "Wamenitumia theluthi."

"Hawakukosea. Vivinjari viwili vinajaribiwa na mashine, kwako kimebaki kimoja. Ni kwa muda tu."

"Muda mpaka lini?"

Fundi alikuwa amechoka na uongo, lakini ulikuwa ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho karibu. "Mpaka Mbweha apite. Akishapita ndiyo unapewa usimamizi rasmi."

Bibi aliyesikia yote kutoka kwenye kochi akasema, "Kumbe unaweza kushushwa cheo kabla hujakipata," na siku nyingine Mama Pacha angemjibu, kwa sababu wawili hao walikuwa wanataniana sana. Siku ile hakumjibu. Theluthi yake aliipangilia: sabuni, vocha kidogo, daftari za mapacha. Kusuka akaacha, akawa anafunga kitambaa. Mlangoni kwa mumewe hakwenda, na Fundi aliona kitambaa kile kila asubuhi bila kuuliza kitu.


Kikao cha Jumatatu walikuwa wanakifanya kwa kompyuta, kila mtu alipo. Fundi alijifungia chumbani, lakini mlango wa chumba kile haufungi vizuri, na Mama Pacha alikuwa anapita na beseni la nguo alipoisikia sauti ya Bosi.

"Fundi, tuambie habari za Mbweha."

"Naendelea naye, Bosi."

"Unaendelea naye au unamlea? Mashine inayofungua vivinjari viwili imeshindwa cha tatu, na wewe ndiwe tunayekuita fundi. Nikutafutie kijana wa chuo aje kukusaidia?"

Kuna mtu alicheka. Kuna mwingine akacheka kwa sababu wa kwanza amecheka. Fundi akasema, "Hapana, Bosi, nitamaliza," kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, sauti ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Mama Pacha alibaki pale ukumbini na beseni likimlowesha tumbo. Alijisikia kulia. Alikuwa tayari kumwingilia Bosi kwenye ile kompyuta amwambie mume wangu si wa kuchekwa.

Fundi alipotoka alikuwa anapiga mluzi. Mkewe akajifanya ndiyo kwanza anatoka uani.

"Kikao kimekwendaje?"

"Safi tu."

Akasubiri mpaka wakati wa chai. "Baba Pacha, huyo Mbweha anakusumbua sana? Nikuangalizie?"

"Achana naye."

"Labda macho mawili mengine..."

"Nimesema achana naye."

Hakuwa na kawaida ya kumkatia kauli namna ile. Mama Pacha aliyachukua maneno yale kama ya mwanamume aliyeumbuliwa mbele ya wenzake, akamsamehe palepale, na palepale akaamua.


Siku Fundi alipompeleka Bibi kliniki ya presha, mapacha walikuwa shuleni. Mama Pacha aliosha vyombo, akakausha mikono vizuri, akafungua kompyuta. Hakuwa na wasiwasi. Alianza juu, akashuka taratibu, mstari kwa mstari. Duara: bonyeza, subiri kidirisha, weka ukubwa wa tatu. Wimbi: bonyeza, subiri kidirisha, weka ukubwa wa tatu. Mbweha: bonyeza, weka ukubwa wa tatu.

Akarudi juu. Akashuka tena.

"Amesahau," akasema peke yake, akacheka kwa huruma. "Na nilimwambia."

Akaunakili mstari kutoka kwa Wimbi, akaupachika mahali pake. Akaendesha. Vivinjari vikafunguka kimoja baada ya kingine, sauti ya puani ikashiba mara tatu, na majibu yakaja kijani yote. Hakuamini, akaendesha tena. Akaendesha tena baada ya kufuta meza, ili mashine isiseme ameibahatisha. Kijani. Alitaka kumpigia mumewe, simu ikafika mpaka sikioni, kisha akaona hapana, acha iwe zawadi. Mtu amechekwa wiki hizi zote, arudi nyumbani akute hakuna tena cha kuchekwa.

Akatuma kazi kwenye ghala la ofisi, na chini akaandika, baada ya kufikiri sana: "Mbweha amepita. Kazi yote ni ya Fundi, mimi nimeongeza mstari mmoja tu."

Muda si mrefu Bosi aliweka alama ya dole gumba. Mama Pacha alilitazama dole lile, akaenda kuoga, akavaa gauni lake la kutokea, lile la bluu. Akafungua ile chupa ya mafuta ya bei mbaya, yaliyobaki chini, akajipaka yote.


Walirudi saa za mchana. Bibi alitangulia, akamtazama mkwewe juu mpaka chini. "Tuna mgeni?"

"Hatuna, mama. Nina habari." Akamgeukia mumewe, aliyekuwa bado mlangoni na mfuko wa dawa. "Mbweha amepita."

Fundi akauhamishia mfuko wa dawa mkono wa pili.

"Uliruka ule mstari wa kusubiri. Ni mdogo, hata mimi nisingeuona kama si kwamba nilikutajia mwenyewe. Nimeuweka. Nimeendesha mara tatu."

"Umetuma?"

"Nimetuma. Bosi ameshaona."

Fundi akakaa kwenye lile kochi la kuvulia viatu, lakini viatu hakuvua. Mkewe alidhani ni nafuu imemlegeza. Akaanza kucheka, akamwambia hakuna haja ya kuona haya, mtu akiangalia kitu sana hakioni, hata yeye huzunguka nyumba akitafuta kitambaa kilicho kichwani. Hapo simu yake ikaita. Alipoona ni Bosi, akabonyeza sauti itoke nje na kuiweka katikati ya meza, kwa sababu alitaka Bibi asikie.

"Mkaguzi, hongera sana," Bosi alisema. "Kumbe dawa ya Mbweha unayo wewe."

Mama Pacha akamtupia Bibi jicho. "Asante, Bosi. Ni kazi ya Fundi, mimi nimemalizia. Sasa nilitaka kuuliza, ule usimamizi unaanza lini?"

"Usimamizi upi?"

"Wa mashine."

Mama Pacha akaisogeza simu karibu zaidi na Bibi.

"Fundi yupo hapo?" Bosi akauliza.

"Yupo. Tunakusikia wote."

"Fundi, si tulikubaliana utaongea naye? Tangu siku ile ya kwanza." Akakohoa. "Sikiliza, mama. Mashine haihitaji wa kuisimamia, ndiyo maana tumeipa muda wote huu. Tutakulipa mpaka mwisho wa mwezi, na barua nzuri nitakuandikia kwa mkono wangu. Umetusaidia sana. Hongereni tena." Akakata.

Alikuwa amemwita mama, si Mkaguzi. Mama Pacha alilisikia hilo kwanza kabla ya mengine yote.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Bibi akajibu kwa niaba ya Fundi. "Tangu nyama," akasema taratibu. "Si ndiyo? Ile kilo nzima." Mwanawe akaitikia kwa kichwa. "Ungeniambia nisiile," Bibi akasema, na hakuongeza utani wowote.

Mama Pacha alikuwa anafikiri, na ungeweza kuona jinsi anavyopanga, hatua kwa hatua, vidole vikitembea mezani. Vikasimama.

"Ule mstari hukuusahau."

"Nilikuwa nakulindia kazi," Fundi akasema. "Nilijua Mbweha akikaa mwekundu hawatakutoa. Nilikubali wanicheke, kila Jumatatu walinicheka, nilinyamaza kwa ajili yako."

"Uliilinda kazi yangu na mimi nisiijue."

"Ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo." Hakupaza sauti. "Ungeniambia usiuguse ule mstari, ningeuacha mpaka uote ukungu. Tungekuwa waongo wawili, lakini tungekuwa wawili. Wewe umeona uwe mwema peke yako. Nimejifukuza kazi mwenyewe, kwa mkono wangu, na gauni nimevaa."

"Mama Pacha."

"Nilikuonea huruma, ujue. Ndicho kilichonituma."

Akaenda kuvua gauni. Waliobaki sebuleni walikisikia kile chumba kisichofunga vizuri, na ndani yake hakukuwa na kilio, kulikuwa na mlio wa hanga za nguo tu. Mapacha waliporudi kutoka shuleni walikuta chakula kizuri kimepakuliwa, watu wazima hawali, wakala wao.


Barua ilikuja kama ilivyoahidiwa, na ilikuwa na sifa nyingi. Kijana wa ofisi alikuja kuchukua kompyuta ya kazi ya Mama Pacha, akaondoka nayo chini ya kwapa. Meza ya kulia ikarudi kuwa ya kulia tu. Fundi aliomba radhi, akaomba tena, na mkewe alikuwa anamjibu yameisha, kwa upole ule unaokukatisha tamaa. Alimpakulia chakula, alimpigia pasi mashati. Hakuomba kitu. Sabuni ilipoisha alifulia kipande cha ile ya kuogea. Bibi akaliona hilo, akawa anaacha sarafu zake juu ya friji bila kusema neno, na Mama Pacha anazipita kama hazipo.

Mpaka asubuhi moja Fundi alikuwa anafanyia kazi nyumbani, kule chumbani. Miwani ilikuwa imeboreshwa, na kabla ya kuitoa kwa watu ilibidi ijaribiwe. Alibonyeza mara moja, akaondoa mikono. Duara ikafunguka. Alikuwa ameinamia kioo, anafuata, alipohisi mtu mlangoni.

"Baba Pacha, naomba hela."

"Ya nini?"

Ilitoka yenyewe, bila kuinua kichwa, kama ilivyokuwa ikitoka miaka yote. Kisha akajisikia. Akainua kichwa, akamkuta amesimama palepale, mkono kwenye fremu, kitambaa kichwani, na lile gauni la bluu.

"Nimeshiba, asante," kompyuta ikasema.

"Ya nauli," Mama Pacha akasema. "Nakwenda kuulizia kazi."

Fundi akasimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka. Akajipapasa mifuko yote, akatoa noti zote alizokuwa nazo, zimekunjamana, akamshindilia mkononi bila kuziangalia. "Chukua. Chukua zote. Sikuwa na maana ile, mke wangu, ni mdomo tu."

Mama Pacha akazinyoosha noti moja moja. Akachukua ya nauli, ya kwenda na kurudi, nyingine akazirudisha mezani, akaziegemeza pembeni mwa kompyuta zisidondoke.

"Nimesema nauli," akasema.

Wimbi nayo ilishashiba. Mama Pacha alikwenda kuvaa viatu, na nyuma yake Mbweha akafunguka, akasubiri kidirisha kama alivyofundishwa, akapita.